Mlango wa Chumba cha Mama

"Siingii chumba cha watu," mama alisema, akageuza mkongojo wake na kurudi jikoni.

Ilikuwa siku ya tatu tangu arudi nyumbani. Mwanawe, fundi rangi wa siku nyingi, alibaki ameshika kitasa. Mama alipokuwa amelazwa hospitali, yeye aliupaka mlango huu, uliochongwa na marehemu baba yake, rangi ya kijivu, tabaka mbili, kwa nia njema kabisa. Wema huo ndio uliomponza. Mama alirudi na kumbukumbu zimetoboka kama chujio, akaukuta mlango asioujua. Tangu hapo analala ameketi kwenye kiti cha jikoni, na miguu inazidi kuvimba. Daktari ameshasema: asipolala akajinyoosha, atarudishwa wodini.

Dada mtu akamwambia mdogo wake airudishe rangi ya zamani. Ipi sasa? Dada alishikilia kijani, fundi akashikilia buluu, wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe fundi akachukua msasa.

Alianzia pale ambapo mkono wa mtu husukuma akiingia. Kijivu kikatoka, kikaja kijani, na dada akachezesha mabega. Chini ya kijani, buluu. Chini ya buluu, manjano. Kila aliposugua, duara jipya lilifunguka ndani ya duara. Maisha yake yote rangi ya chini ilikuwa kitu cha kufunika tu. Leo alijikuta amechuchumaa, anaitazama.

"Mlango umeota upele," dada alisema. "Paka upesi, mama asije akauona."

Fundi alikuwa ameshachovya brashi kwenye kopo la kijani aliposikia mkongojo nyuma yake.

"Acha hapo hapo, baba."

Mama alisogea, akaweka kidole kwenye kijani. Hii, alisema, ni ya mwaka alioolewa dada yako. Kidole kikahamia ndani kidogo.

"Na hii uliimwaga wewe. Ukajificha uvunguni, nyayo za buluu zikakusema."

Dada alicheka hadi akashika ukuta. Fundi aliiangalia miguu yake. Alikuwa amesahau kabisa.

Alifunika kopo. Badala yake akapaka vanishi isiyo na rangi juu ya maduara yote, na kabla haijakauka vizuri mama alikwishapita, amepanda kitandani, amejinyoosha.

Asubuhi fundi alipomletea uji, alimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango ulio wazi nusu. Kipande cha msasa kilikuwa mkononi, vumbi la manjano limejaa magotini. Vanishi ya jana ilikuwa imekwaruzwa katikati, na kazi ilikuwa ikienda polepole, kuelekea kwenye mbao.

"Bado hatujamfikia baba yako," alisema bila kuinua macho.

Fundi aliweka uji chini, akauzuia mlango kwa mguu usiyumbe.