Uji wa Maji ya Shati

Wuniang alikamua shati la mumewe juu ya chungu cha uji, akalikamua tena hadi vidole vikamuuma. Mumewe huyo, Shiqi, alikuwa ameshinda kwenye karai la serikali akichemsha maji ya bahari, na jasho lilikuwa limemkaukia mgongoni likawa ukoko mweupe. Pwani yote ile ya Huai, huko Uchina, ilipika chumvi ya Khan, mfalme wa Kimongolia. Kuiramba kulikuwa wizi.

Mkaguzi wa Kimongolia alipita nyumba kwa nyumba na kijiko chake cha pembe, akionja uji wa watu. Kwa Wuniang alionja mara mbili, kisha akamwambia mkalimani amtegee mama huyo kitendawili.

"Mwanangu nimemzaa majini. Akirudi kwa mama yake, anakufa."

Hata watoto wa pale walikijua. Wuniang akafunga mdomo. Aliyejibu ni Shiqi, akidhani utani utawaokoa.

"Chumvi, bwana."

"Kumbe mnafahamiana naye."

Wuniang alijitetea kwamba ni maji ya shati tu. Mkaguzi akasema basi na shati ni mali ya Khan, likachukuliwa. Shiqi alichapwa hadi ngozi ya mapaja ikaachia, akafungwa mnyororo mguuni pale pale kwenye karai. Akawa analala majivuni kama paka. Mkewe alimpelekea uji wa chukuchuku kwa miaka mingi, hadi nywele zikawatoka.

Halafu Wamongolia wakapinduliwa na mfalme wa Kichina, wakakimbilia kaskazini. Wanakijiji wakauvunja mnyororo kwa mawe, na Wuniang akapika uji, akautia chumvi konzi nzima, mlango wazi. Wengine walikunywa wakatapika. Ndimi zilikuwa zimesahau.

Ofisa mpya alikuja kwa farasi, Mchina mwenzao, lafudhi ile ile ya nyumbani. Wuniang akampa bakuli kwa mikono miwili.

"Umekoleza, shangazi. Chumvi ya nani?"

Wuniang alicheka, akidhani anataniwa. "Yetu, mwanangu. Si mfalme sasa ni wetu?"

"Mfalme ni wetu, shangazi. Chumvi ni yake."

Akaumaliza uji wote, akafuta ndevu, akaagiza mhunzi aitwe aunge pingili za mnyororo zilizovunjika.

Wuniang alipiga magoti. Shiqi alikaa kando ya karai, akapandisha suruali, akautoa mguu ule ule wenye kovu, akausogeza karibu ili mhunzi asipate shida kuinama.