Wati Moja Kutoka Mji wa Kale

Mzee Abdulhalim alikuwa ofisa wa redio kwenye meli za mizigo tangu ujana wake. Bandari za kutoka Karachi hadi Durban alizijua kwa sauti kabla hajazijua kwa macho, kwani kazi yake ilikuwa kukaa na visikilizio masikioni, akipokea na kupeleka habari kwa nukta na vistari vya Morse. Meli zilipoanza kufungwa mitambo ya setilaiti, watu wa kazi yake waliambiwa asanteni. Akarudi Mombasa, kwenye nyumba ya marehemu babake Mji wa Kale, na huko masikio nayo yakaanza kumwacha.

Kufikia mwaka 1996 hakuwa akisikia ila ukelele wa karibu. Barzani, walikokaa wazee wenzake, aliacha kwenda. Wenzake walipocheka naye alicheka, ila nyuma yao kidogo, bila kujua kilichowachekesha, na jambo hilo lilimchoma kuliko uziwi wenyewe. Akawa anashinda chumba cha juu, kikombe cha kahawa mkononi, macho dirishani.

Aliishi na binti yake, Mwanakuu, ambaye alisomesha sayansi katika shule moja ya Tononoka. Tangu utotoni Mwanakuu alipenda kufungua redio na kuzifunga tena. Babake ndiye aliyemfundisha kulehemu, na kila aliporudi safari alimfundisha herufi za Morse kidogo kidogo.

Alasiri moja Mwanakuu alikuwa mezani na babake, akijaribu kengele ya umeme aliyowatengenezea wanafunzi wake. Kengele haikulia vyema. Iliunguruma tu na kuitetemesha meza. Kwa kupoteza wakati, akabonyeza kwa Morse herufi za jina lake. Mzee, aliyekuwa ameweka kiganja mezani, akainua uso.

"Mwanakuu," akasema. "Mbona waandika jina lako?"

Hakuwa amesikia kitu. Alikuwa amesoma kwa mkono.

Mwanakuu akabonyeza tena, polepole: *Baba, waelewa?*

"Naelewa. Lakini mkono wako mzito, mwanangu. Vistari vyako ni virefu mno."

Mwanakuu alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha wakaendelea kuzungumza hivyo, yeye kwa kengele na babake kwa mdomo, hadi kahawa ikapoa. Mzee aliuliza habari za shule, za mafuta ya taa, za mtu fulani aliyefariki Lamu. Muda mrefu ulikuwa umepita bila mtu kuzungumza naye pasi na kupiga kelele.

Tangu siku ile Mwanakuu alikuwa na jambo moja moyoni. Duniani kuna watu wanaoitwa wanaredio wa ridhaa, ambao huzungumza na wenzao wa nchi nyingine kwa mitambo ya nyumbani, kwa mapenzi tu. Babake alikuwa na leseni ya kazi hiyo ya ridhaa tangu zamani. Alichokosa ni mtambo, na masikio. Masikio sasa yalikuwa yamepatikana vidoleni.

Alikwenda kwa binamu yake Zein, aliyekuwa na duka la redio na televisheni mjini, kumuulizia transista za aina fulani.

"Za nini, dada?"

"Namtengenezea Baba mtambo wa kurusha mawimbi. Wa wati moja."

Zein akaweka chini bisibisi yake. "Wati moja? Hata taa ya friji yaushinda! Mtambo huo hautavuka hata daraja la Makupa. Ngoja nikuagizie Dubai, wa wati mia, uje kwenye boksi lake."

"Nataka kuutengeneza mwenyewe."

"Haya," Zein akasema, akimpa transista huku akitikisa kichwa. "Ukifika Changamwe, hapo ng'ambo ya daraja, nipigie simu."

Vifaa vingine alivipata Kibarani, kwa fundi Dzoro, aliyekuwa akivunjavunja redio na televisheni zilizotupwa. Alipomweleza anachotaka, Dzoro alimchomolea spika kubwa ya gramafoni ya zamani, karatasi yake bado nzima. "Hii ikiunguruma utaihisi kwenye nyayo," alisema, na hiyo ndiyo sifa Mwanakuu aliyokuwa akiitafuta.

Alijenga mtambo wake katika kopo la biskuti, kila alasiri baada ya kusahihisha madaftari. Koili alizisuka kwa waya mwembamba wa shaba, akihesabu mizunguko kwa midomo. Mara ya kwanza alipouwasha, moshi ulitoka kwenye kopo na transista ikaungua. Akarudi kwa Zein kuchukua nyingine. Mara ya pili mtambo ulifanya kazi lakini mawimbi yake yalihamahama. Kila mara chumba kilipopata joto, nayo yalisogea. Akafungua, akabadilisha kapasita, akafunga. Kifaa cha kupokelea nacho alikirekebisha kitoe mlio mzito wa chini, kwa kuwa mlio mwembamba unaingia sikioni lakini hautikisi kidole.

Mwisho akapanda juu ya paa akafunga antena, waya mrefu kutoka mwanzi hadi ukutani. Mzee akakaa mezani, vidole vya mkono wa kushoto juu ya karatasi ya spika, mkono wa kulia kwenye kibonyezo, akaita. Akaita alasiri ile, na ya pili, na nyingine tena. Hakuna aliyejibu.

"Mawimbi yana siku zake," mzee alisema. Lakini alasiri iliyofuata alichelewa kupanda ngazi, na Mwanakuu akaona kwamba anaanza kukata tamaa.

Mwanakuu akapanda paani kuikagua antena, na pale alipofika alisimama mdomo wazi. Waya wote ulikuwa umening'inizwa leso mbichi, doti baada ya doti, maji yakidondoka. Jirani yao, Bi Fairuz, alikuwa amevuka kutoka paani kwake, akibana kibanio cha mwisho.

"Masalkheri, mwanangu," Bi Fairuz akasema. "Hongera kwa kamba mpya. Imenifaa wiki nzima!"

"Bi Fairuz, hiyo si kamba! Ni antena ya Baba."

Akamweleza yote: vidole, spika, wito usiojibiwa. Bi Fairuz alishika kifua. Alianza kuzianua leso zake mbio mbio, akiomba radhi kwa kila moja.

"Na mbona mumeifunga chini hivi?" akauliza alipomaliza. "Paa langu liko juu kuliko lenu. Ifungeni kwangu. Babako alimletea marehemu mume wangu dawa kutoka Bombay wakati hapa hazipatikani. Nitamnyima ukuta?"

Waya ukavuka ukuta wa kati, juu kabisa, kutoka paa hadi paa.

Alhamisi iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, mzee aliketi tena. Bi Fairuz naye alikuja, na Zein aliyekuwa amepita kusalimu akasimama mlangoni, mikono mifukoni. Mzee aliita kwa utulivu, akaacha, akangoja. Akaita tena. Mara vidole vyake vikakaza juu ya spika.

"Nyamazeni," akasema, ingawa hakuna aliyekuwa akisema.

Spika iliunguruma kwa mbali. Mwanakuu aliinama, akazisikia herufi zikija zikizama na kuibuka, na zile zilizompita yeye babake alizishika.

"Yuwaniita mimi," mzee akasema kwa sauti ndogo. "Jina lake Kurian. Yuko Kochi. India!"

Akajibu. Nukta zilitoka safi, zimepangika kama shanga. Kurian akauliza anatumia nguvu ya wati ngapi. Mzee akapeleka: moja. Kurian akaomba arudie. Mzee akarudia. Spika ikaunguruma tena.

"Asema anatumia wati mia na ana antena kubwa, na ananisikia vizuri," mzee akawatafsiria. "Auliza mtambo huu ni wa kampuni gani."

Akamtazama binti yake, kisha akabonyeza jibu lake herufi kwa herufi, huku akilitamka kwa sauti ili wote chumbani walisikie: "Umetengenezwa na binti yangu."

Bi Fairuz akapiga kigelegele kilichowafanya wapita njia wainue vichwa. Zein alitoa mikono mifukoni. Alikwenda mezani, akalitazama lile kopo la biskuti ndani na nje.

"Changamwe umeipita, dada," akasema. "Nionyeshe ulivyoisuka koili hii."

Mwanakuu alitaka kumjibu kwa maneno aliyokuwa ameyatunza tangu siku ile ya dukani, lakini akayaacha. Alimwonyesha koili tu.

Siku ya pili mzee alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akatia kopo kwapani, akateremka barzani. Hakungoja kuulizwa. Aliliweka katikati ya vikombe akasema, "Hili limefika India jana. Mwanakuu ndiye fundi." Wazee wakalipokezana kwa mikono miwili, mashallah hii na mashallah ile. Mmoja wao, baharia wa zamani aliyekumbuka herufi chache, akamshika mzee mkono akamgongea kiganjani neno moja, kwa makosa mawili: *hongera*. Mzee akamsahihisha makosa yote mawili.

Mwaka uliofuata Mwanakuu alifanya mtihani, akafaulu, akapewa leseni kwa jina lake. Wito wake wa kwanza ulijibiwa kutoka Salala, Omani. Babake aliketi kando, vidole juu ya spika, mpaka mazungumzo yalipokwisha. Kisha akamwambia kwamba mkono wake sasa umekuwa mwepesi, na kwamba katika meli zote alizofanyia kazi angefurahi kuwa na mtu kama yeye wa kumpokea zamu ya pili.