Foleni ya Walio Hai

Nakijwa halali. Anafumba macho tu ili amsikilize vizuri mwenyekiti, Bwana Ssebunya wa Kampala, ambaye mara baada ya wali na kuku ameanza kuwasomea wajumbe rasimu ya mkataba wa wazee wa nchi za ukanda huu, ibara kwa ibara, kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Zote zimepita isipokuwa Ibara ya Kumi na Moja, na anayeikwamisha ni Nakijwa huyuhuyu, afisa ustawi wa jamii kutoka Moshi, anayeisemea nchi yake. Ibara yenyewe ni fupi: mstaafu aliyehamia nchi jirani afanyiwe uhakiki hukohuko aliko, asilazimishwe kusafiri kuja kuonyesha kwamba bado yu hai. Nani angeipinga? Lakini mara tatu sasa Nakijwa amebonyeza kipaza sauti na kusema bado tunashauriana, na hashauriani na mtu. Ana wivu, basi. Mama yake, mkunga mstaafu, alikwenda Voi, Kenya, kumsaidia Namsifu, mdogo wake Nakijwa aliyeolewa huko, alipojifungua. Alikwenda kwa wiki sita. Huu ni mwaka wa sita. Chumba ambacho Nakijwa alimjengea, chenye vigae visivyoteleza na bomba la kujishikilia bafuni, kimejaa magunia ya mahindi. Mama huja kila baada ya miezi mitatu kuhakikiwa, hulala siku mbili, na siku zote mbili ni Namsifu kanishonea hiki, Namsifu anapika makande hivi. Ibara ile ikipita, Mama atakuja kufanya nini Moshi? Ndiyo maana Nakijwa anafumba macho, na sauti ya mwenyekiti inakwenda mbali, inakwenda, na mlango wa nyuma wa ukumbi unafunguka wenyewe.

Nje hakuna maegesho ya magari. Kuna barabara, na barabara inazaa barabara nyingine, na kila njia panda ina kibao, na kila kibao kimeandikwa Voi, hata kile kinachoelekeza alikotoka. Nakijwa anashika ya kulia na kujikuta amerudi kushoto. Mtu anatembea kando yake, kavaa suti na kitambulisho cha mjumbe shingoni, ila uso wake hauna kitu, mweupe tu kama sahani iliyooshwa. Nakijwa anamuuliza Mama yuko wapi. Yuko unapomzuia kukaa, anajibu. Ni mbali? Kwa anayekwenda ni karibu, kwa anayesubiri ni mbali. Nakijwa anamwambia aache porojo, yeye ni mtu wa serikali. Mtu wa suti anainama kwa heshima, na anapoinuka si yeye tena, ni mwingine, na sahani ni ileile.

Mji unawajia, wao hawaujii. Ni Moshi, kila kitu kimegeuzwa, mlima uko upande usio wake, na nyumba ya Nakijwa inatazama nyuma. Kwenye baraza yake amekaa Namsifu na kanga ya Nakijwa kiunoni, na kutoka ndani sauti ya Mama inaita, Nakijwa, Nakijwa, na Namsifu anaitika abee Mama, bila haya, kama vile jina alizaliwa nalo. Hapo Nakijwa anataka kumrarua. Anakimbilia baraza na baraza inarudi nyuma, anakimbia tena na mji unapinduka kama chapati, sasa ni Voi, au ni Moshi ya upande wa pili, na anayekaa barazani ni yeye mwenyewe, kanuna, anatazama njia.

Njia anayoitazama imejaa wazee. Foleni inaanzia hapo miguuni pake na haina mwisho, wazee wenye bahasha, wenye picha ndogo za pasipoti, wengine wamebebwa mgongoni, wengine wanasukumwa kwenye toroli. Wanakwenda dirishani, wanagongewa muhuri wa yu hai kwenye kiganja, wanageuka, na kabla hawajafika nyumbani muhuri umefutika na wanarudi nyuma ya foleni. Wanatoka pande zote za mipaka yote. Nakijwa anasogea aone ni karani gani huyo asiye na huruma, na akichungulia anajikuta yuko ndani ya dirisha, muhuri mkononi, na mdomo wake wenyewe unasema bado tunashauriana, wa pili, bado tunashauriana, wa tatu.

Kisha Mama anafika. Viatu ameshika mkononi kwa sababu miguu imevimba. Nakijwa anajawa na furaha, mbaya hiyo furaha lakini ni tamu, anamshika mikono kupitia dirisha, anamgongea muhuri polepole ili akae. Mama anakwenda. Mama anarudi. Nakijwa anafurahi tena. Mama anakwenda, Mama anarudi, na kila akirudi amepungua, kitenge kinamzidi, hadi anafikia kimo cha dirisha, hadi inabidi Nakijwa ainame kumwona, na bado anafurahi, na anajua ni kwa nini anapungua.

Mama, pumzika basi kwangu, anasema. Chumba kipo.

Mama anamtazama kutoka chini. Mwanangu, mimi nimezalisha wanawake wilaya nzima, leo naletwa kama furushi nije nikuonyeshe kwamba napumua. Wewe miguu unayo. Mbona basi la Voi hujawahi kulipanda hata mara moja?

Nije kufanya nini? Kutazama unavyompenda Namsifu?

Njoo umsikie anavyolalamika. Nikiwa kwake sina habari nyingine ila wewe. Nakijwa anapika hivi, Nakijwa kanijengea hiki. Mtoto wa watu amechoka kulisikia jina lako, ana wivu kama wako.

Nakijwa anafungua mdomo ajibu, na muhuri unadondoka, na mlio wake ni wa kipaza sauti kilichogongwa kwa kidole. Mjumbe wa Tanzania, bado mnashauriana? Anamwona Bwana Ssebunya, na kwa muda mfupi uso ule ni mtupu, kisha macho yanakuja, kisha pua. Hajui kama ameamka au amehamia dirisha lingine tu. Wajumbe wote wamegeuka kumtazama na kule dirishani wazee nao walikuwa wakimtazama hivihivi. Anabonyeza kitufe. Tanzania haina pingamizi, anasema, na ukumbi unapiga makofi, na wivu wake hauendi popote, umekaa kifuani uleule. Huenda Mama humtaja kweli. Huenda ni usingizi na kuku wa mchana vilivyomfariji kwa uongo, na wa kumwambia ukweli yuko Voi tu. Anatoa simu chini ya meza, anafuta mara mbili alichoandika, kisha anamtumia Namsifu: mdogo wangu, nikija Jumamosi, nitalala wapi?