Hadithi ya Dobi

Mama alikataa mara mbili kwenda kula kwenye nyumba ile. Mara ya tatu akakubali, kwa sababu aliyemwomba ni Kitinda. Kitinda hakuwa mtoto tena. Alikuwa na ndevu, mke na cheo cha umeneja, lakini kwa kuwa ndiye aliyezaliwa wa mwisho, jina hilo lilimganda, na mama yake hakuwahi kujua namna ya kumnyima kitu. Dada yake mkubwa, muuguzi wa wodi ya wazazi, ndiye aliyemfunga mama kilemba na kumshika mkono akishuka kwenye teksi.

Nyumba yenyewe ilijengwa na wakoloni, ikakaa gofu miaka mingi mpaka tajiri mmoja alipoinunua, akaikarabati na kuifanya mkahawa ambao sasa Kitinda aliusimamia. Mbao za sakafu zilisuguliwa zikang'aa. Kwenye baraza pana, ambako zamani mabwana walikunywa chai, sasa walikaa watu waliotoka ofisini na tai zao zimelegezwa. Mama aliingia kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi, na binti yake alijua kwa nini. Bibi yao, mzaa mama, alikuwa dobi wa nyumba hiyo.

Kitinda aliwapokea mlangoni, akawaketisha karibu na dirisha, akaketi nao, akawaagizia supu na samaki kabla hawajasema wanataka nini. Alimtania mama kwamba kwa jinsi anavyokishika kile kisu, samaki atatoroka mwenyewe huko jikoni. Mama akacheka, mabega yakamshuka.

Ndipo mhudumu aliyesimama meza ya pili alipoanza kuwasimulia wageni wake historia ya nyumba. Alisema hapo zamani bwana mwenye nyumba alimpenda dobi wake, msichana mzuri asiye na mfano, na penzi lao likazaa mtoto. Mtoto alizaliwa humu humu, katika chumba cha kufulia, na kwa kukosa nepi mama yake akamviringisha kwa kitambaa cha meza cha bwana. Baadaye dobi akaozwa tarishi, naye tarishi akamlea mtoto kama wake. Wageni waliguna kwa huruma. Mmoja akauliza kama mtoto huyo bado yu hai, na mhudumu akatabasamu tu, kama alivyofundishwa.

Mama aliweka kijiko chini.

Mtoto huyo alikuwa yeye. Wala penzi halikuwepo. Bibi alikuwa kigoli, na hakuna aliyemuuliza. Mama aliyatamka hayo mara moja tu maishani mwake, kwa binti yake, walipokuwa wametoka kumzika yule tarishi ambaye dunia nzima ilimjua kuwa baba yake. Binti aliapa kutomwambia mtu, na kiapo akakishika miaka mingi. Siku mama alipofanyiwa upasuaji, yeye na Kitinda wakikaa kwenye benchi nje ya chumba, aliona kama mama hatatoka, na mzigo ukamshinda kuubeba peke yake. Akamwambia mdogo wake. Kitinda alilia, akamshika mkono, akasema siri hiyo ataingia nayo kaburini.

"Haya niliyasema mara moja," mama alimwambia binti yake kwa sauti ya chini. "Na mbele yangu ulikuwepo wewe peke yako."

Muuguzi akamtazama mdogo wake, akamsubiri. Yalihitajika maneno mawili tu: ni mimi. Kitinda alichukua leso ya mezani, akafuta mdomo ambao haukuwa na kitu.

"Mama, watu wa hospitali nao wanaongea sana," akasema. "Labda Dada alimsimulia mwenzake kazini, bila kukusudia."

Aliyasema kwa upole, kama anayemtetea, na upole huo ndio uliomkata dada yake maini. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini mdogo wake huyu, yeye ndiye aliyembeba mgongoni akienda kuteka maji, ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

"Nilimwambia mtu mmoja tu, Mama," muuguzi alisema.

Mama hakuuliza ni nani. Alisimama, akajifunga vizuri kilemba chake, wakatoka yeye na binti yake huku samaki wakiletwa.

Walipofika mlangoni kwake, mama akageuka. "Mwizi namjua, nimemzaa mwenyewe. Lakini ufunguo nilikupa wewe."

Kesho yake muuguzi alimfuata Kitinda kazini. Kitinda alimweleza kwamba tajiri alitaka hadithi yenye moyo, kwani nguzo na madirisha hayamleti mtu kula. Na kwamba jina la mtu halikutajwa, basi nani ameumia. Kisha akamwomba asimkere mama kwa kuyarudia, afya yake si nzuri. Dada yake aliondoka, na tangu siku hiyo hajapokea simu yake.

Hadithi bado inasimuliwa. Kitinda huenda kwa mama kila Jumapili, naye mama humpakulia sahani ikafurika. Binti yake naye, akienda, mama humpokea vizuri pia, akamuuliza habari za kazi na za mvua, basi. Presha ya mama, ambayo siku zote alipimwa na binti yake sebuleni, sasa anakwenda kupimwa zahanati, anapanga foleni na watu baki. Muuguzi alipomuuliza kwa nini anajisumbua hivyo, mama alimjibu bila hasira kwamba kule hawamjui.