Chuma cha Shemeji

Tangazo lilisomwa redioni tukinywa chai ya asubuhi: pikapu za aina yetu, zilizouzwa mwaka wa themanini na sita, zina kasoro kwenye chuma kinachounganisha usukani na magurudumu ya mbele. Kinaweza kukatika gari likienda. Wenye magari wayapeleke gereji ya kampuni, watabadilishiwa bure.

"Bure?" mume wangu Obiero akasema. "Hapa Kisumu nani alishawahi kukupa kitu bure?"

Nilimsukuma mpaka akawasha gari. Mimi si mtu wa kungoja ajali ije kupiga hodi. Lakini njia nzima kutoka kwetu Manyatta alijikuna shingo, na tulipofika gereji akaketi kwenye benchi, akainuka, akaketi tena. Nilidhani anaililia siku yake ya kazi. Kumbe!

Fundi mkuu, Wepukhulu, akatoka chini ya pikapu akipangusa mikono.

"Mama, chuma yenu iko sawa. Lakini si ile ilikuja na gari. Hii ni ya zamani, ya gari ingine. Sasa ile mbovu iko wapi?"

Nikamtazama Obiero. Obiero akatazama viatu vyake.

"Baba Lornah, chuma iko wapi?"

"Kwa Oduor."

Oduor ni kaka yangu. Ana pikapu kama yetu, ila kuukuu, ya kubebea samaki kutoka Luanda Kotieno. Mwaka uliopita, yetu ikiwa imelala bila injini, alikuja kuazima chuma hicho kwa siku mbili tu kwa kuwa chake kilikuwa kimelika. Obiero akakifungua, akampa. Shemeji utaanzaje kumnyima? Siku mbili zikawa mwaka, na kumdai shemeji ni aibu, basi akanunua kingine sokoni Kibuye na kunificha. Alijua mimi ningedai siku hiyo hiyo. Ningedai kweli, tena kwa sauti.

Hasira ilinipanda, halafu hofu ikaipita. Leo ilikuwa Alhamisi, siku ya Oduor kuja mjini. Oduor alikuwa njiani na samaki wake, na kando yake ameketi mama yangu, anakuja kliniki ya macho.

"Mleteni na yeye," Wepukhulu akasema. "Gari yoyote iko na hiyo chuma tunatengeneza bure. Lakini asiendeshe!"

Asiendeshe! Na nani wa kumwambia, mtu aliye barabarani? Tukatoka mbio. Tukapita Kisian, na kila pikapu iliyotokea mbele iliniinua kitini. Nilimtukana Obiero, nikamwomba Mungu, nikamtukana tena. Tulipopita Holo tukaiona ya Oduor inakuja, imelemewa na mzigo. Obiero akapiga honi, akaziba njia.

Oduor akatoa kichwa dirishani. "Nani amekufa?"

Obiero akashuka. Tangu anioe hajawahi hata kula mbele ya mama yangu, kwa heshima. Mdomo wangu ulikuwa wazi tayari, lakini akaniwahi.

"Shemeji, ile chuma nilikupa. Naomba unirudishie. Sasa hivi."

"Unanidai barabarani? Mbele ya Mama?" Uso wa Oduor ulikuwa umejikunja. "Omera, ndugu yangu, barafu ya samaki inayeyuka. Toa gari yako."

"Itakatika. Redio imesema."

"Redio!" Oduor akawasha injini, akazungusha usukani apite kando.

Obiero akalala chali mbele ya gurudumu. Mkwe mzima, shati limepanda, kitovu nje, mama mkwe wake akitazama! Mama akageuza uso. Oduor akazima gari, na Obiero akajivuta chini yake, akashika kile chuma, akakitikisa. Kikalia mara moja. Alipotoa mkono nje, alikuwa ameshika kipande.

Oduor akaketi kwenye nyasi. Mbele yao palikuwa na mteremko mrefu.

Mama akashuka polepole, akipapasa mlango. Miaka yote alimwita Obiero "ora", yaani mkwe, tena kwa mbali. Sasa akainama hadi karibu na gurudumu, akanyoosha mkono.

"Wuoda," akasema. Mwanangu. "Toka huko chini."

Nilikuwa nimeapa kumsema Obiero mpaka Manyatta. Badala yake nikamfuta vumbi mgongoni, nikamshusha shati.