Mkono Haujafika

Tangu daraja lifunguliwe, magari hayasimami tena Busisi. Zamani yalipanga foleni kusubiri kivuko, na Truphosa aliwauzia abiria sato wa kukaanga hadi karai likabaki na mafuta matupu. Siku hizi yanapita moja kwa moja. Mumewe Okomo, fundi wa kivuko, amehamishiwa visiwani. Majirani wa karibu wenye watoto wameifuata biashara mjini Sengerema. Amebaki yeye na binti yake Ajwang, mwenye miaka minne na ushee, na kutwa nzima wanaongea wao kwa wao.

Jumamosi alasiri alikuja Dorotea, mwalimu wa chekechea ya kanisani.

"Mama Ajwang, tunafungua Jumatatu. Humleti?"

"Bado mdogo, Mwalimu. Mkono haujafika."

Dorotea akacheka. "Mpaka leo unapima kwa mkono?"

"Mimi nilipimwa hivyo hivyo. Mkono ukipita juu ya kichwa ukagusa sikio la pili, unapokelewa. Usipogusa, unarudi kuchezea matope."

"Si ana cheti cha kuzaliwa? Sisi tunapokea hata wa miaka mitatu."

"Cheti kinajuaje kama amekomaa?"

Okomo alikwisha kuulizwa kwa simu. Alijibu huku upepo ukimvumia: "Wewe ndiye uliye naye. Amua." Kisha akakata, au mtandao ulikata.

"Haya, mpime nione," Dorotea alisema.

Truphosa akamsimamisha mtoto mlangoni, kama alivyofanya kila Jumapili. Kwa kiganja kimoja akamshika kichwa. Kwa kingine akaupitisha mkono wa kulia wa mtoto juu ya utosi. Vidole viliishia juu kidogo ya sikio la kushoto.

"Umeona?"

"Nimeona. Sasa mwachie kichwa."

"Kwa nini?"

"Unamlaza kushoto, mama. Sikio linaukimbia mkono."

Truphosa alikitazama kiganja chake. Ni kweli, kilikuwa kinasukuma. Hakukumbuka kilianza lini. Hakuwahi kukusudia; lakini alisukuma, na kila Jumapili vidole vilipopungukiwa alikwenda kuwasha moto wa chai akiwa na furaha. Hayo yote mawili yalikuwa kweli.

Akaachia. Ajwang akanyoosha shingo, akapitisha mkono, akalivuta sikio lake na kumtolea mwalimu ulimi.

"Shika adabu!" mama yake alifoka.

"Mwache, amefaulu." Dorotea akaketi kizingitini. "Hapa anaongea na nani?"

"Na mimi."

"Na wewe je, unaongea na nani?"

Truphosa aliokota kanga iliyoanguka, akaikung'uta mara nyingi kuliko vumbi lilivyohitaji.

"Wanatoka saa ngapi?"

"Saa sita."

"Nitamleta."

Jumatatu watoto wengi walilia. Walishika sketi za mama zao, wakagaragara mchangani, na Dorotea akawaambia akina mama hao waingie wakae nao mkekani hadi wanyamaze. Waliingia mmoja mmoja, wakicheka kwa aibu. Ajwang alikuwa ndani tayari, akigombania kikombe cha plastiki na mvulana mnene, kwa sauti ambayo nyumbani hakuwahi kuitumia.

Truphosa alisimama nje ya wigo, akisubiri kuona kama Ajwang naye atalia. Hakulia. Hakuna aliyemwita aingie. Mwishowe akajifunga kanga vizuri, akashika njia ya kurudi.