Meza Aliyoagiza Judith

Meza iliagizwa Februari. Judith Askwith mwenyewe ndiye aliyepiga simu hotelini, akaomba ile ya dirishani inayotazama bahari, chai ya alasiri ya watu watatu, siku yake ya kutimiza miaka sitini. Aprili akafariki. Binti yao Rowena alipomuuliza baba yake kama ameshaifuta, Mzee Clement alijibu kwamba meza aliyoiweka mkewe si yake kuifuta.

Basi Juni wakaja, wawili, wamevaa vizuri, upepo wa mji ule wa pwani, Scarborough, ukiwasukuma mlangoni. Mhudumu, mtu mzima mwenye mvi, aliwavutia viti, kisha akapanga vikombe vitatu. Mmoja wao angeweza kusema neno. Lakini hao ni watu ambao ukiwakanyaga mguu, wao ndio wanaokuomba radhi. Kumtia haya mhudumu mbele ya ukumbi mzima kungekuwa kosa kubwa kuliko kunyamaza.

"Tumngoje mwenzenu, bwana, au nimimine?"

Clement alikitazama kiti kitupu. "Mimina tu. Amechelewa kidogo." Kisha akaongeza, taratibu, "Yeye hutanguliza maziwa."

Tangu neno lile limtoke baba yake, Rowena hakutulia. Ukisema mtu amechelewa, umeshaanza kumngoja. Kila mlango ulipofunguka, shingo zao ziligeuka pamoja, zikarudi pamoja. Alikula sandwichi ya tango bila kuionja. Mvuke wa kikombe cha tatu ulikuwa ukiinama kuelekea kile kiti, kana kwamba upande ule kuna mtu anavuta pumzi polepole. Alijiambia ni upepo wa dirishani. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Baba mtu akajitahidi kuchangamka. Alisema Judith angekuwepo angeshamwambia anapaka jamu kwenye skonzi kama fundi anayepiga plasta. Rowena akacheka, na kicheko kikamuuma. Ndipo mzee akarudia yale aliyomwambia kila mtu tangu mazishini: kwamba Judith alijilaza baada ya chakula cha mchana, akafariki usingizini, hakujua, hakumwita mtu.

Maneno hayo ndiyo Rowena aliyokuwa hawezi tena kuyabeba. Siku ile ya kifo simu yake iliita juu ya meza ya ofisini, ikaandika Mama. Alikuwa katikati ya kusimulia kisa, wenzake wanacheka. Akaifudikiza simu, akaiacha iite mpaka ikanyamaza. Akisema, atampokonya baba yake faraja pekee aliyobaki nayo. Asiposema, atakaa na kile kiti maisha yake yote.

"Baba, alimwita mtu," alisema. "Alinipigia mimi. Saa kumi na dakika ishirini. Sikupokea."

Clement aliweka kisu chini. Hakushtuka.

"Najua, mwanangu. Simu ilikuwa mkononi mwake."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Kwa sababu ungeniuliza mimi nilikuwa wapi."

Akaeleza, macho kwenye kitambaa cha meza. Alikuwa bustanini anakata nyasi. Katikati ya ngurumo ya mashine alisikia jina lake, mara mbili. Akadhani anaitiwa chai. Ulikuwa umebaki mstari mmoja wa nyasi.

"Nikaumalizia," alisema. "Nikageuka kuuangalia. Ulikuwa umenyooka, Rowena. Nikafurahi."

Rowena akaushika mkono wake. Mikono yao yote ilikuwa baridi. Miezi miwili walikuwa wamefarijiana kwa uongo uleule, kila mmoja akidhani anamlinda mwenzake.

Mhudumu akarudi, akaona chai ya tatu imepoa. Aliinama, akauliza kwa adabu kama amletee mwenzao chai nyingine atakapofika.

"Hafiki," alisema Clement. "Mke wangu amefariki."

Mhudumu akaomba radhi. Clement naye akamwomba radhi kwa kumsumbua. Kikombe hakuna aliyekiondoa.

Walikaa mpaka ukumbi ukawa mtupu, wakiona uzito kwenda nyumbani. Mzee akasema nyasi zimefika magotini. Hajaigusa mashine tangu siku ile, maana kila akitaka kuiwasha anahisi kuna mtu ndani anajiandaa kuita. Rowena akamwambia Jumamosi atakuja aisukume yeye, na baba akae mlangoni, mahali ambapo akiitwa atasikia.